Karatasi Tupu na Mihogo Michungu: Nilivyoisoma Biolojia ya Mwaka wa Kwanza

Nilipoingia mwaka wa kwanza pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wenzangu wengi walikuwa wametoka kidato cha sita, wakapita JKT, wakaja. Mimi nilitokea kwenye benchi la maabara ya hospitali ya wilaya. Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuchoma watu vidole, kupaka damu kwenye slaidi, kuitia rangi ya Giemsa na kuhesabu vimelea vya malaria kimoja kimoja mpaka nifikishe seli nyeupe 200. Stashahada ndiyo iliyonifungulia mlango wa chuo. Darasani waliniita Dada, watundu wakaniita Mama Maabara, na wote walidhani nitapata shida: kemia nilikuwa nimeiacha zamani, na umri wa kukesha ulikuwa umenipita.

La kukesha walisema kweli. Sikukesha hata wiki ya mitihani. Lakini biolojia haikunitesa kama ilivyowatesa wao. Sasa wadogo zangu wawili wanaingia chuo mwaka huu, na kila mmoja amenipigia kuuliza swali lile lile, "Dada, wewe ulikuwa unasomaje?" Naandika mara moja, niache kurudia kwenye simu.

Kinachowatia watu kiwewe kwanza ni ukubwa wa mzigo. Sekondari mwalimu hukaa na mada, akarudi nyuma, akatoa jaribio, akakemea. Chuoni mhadhiri anaingia ukumbini, anapitisha slaidi kwa saa nzima, anatoka. Wiki hii utando wa seli, wiki ijayo vimeng'enya, ukija kugeuka mpo kwenye jenetikia na bado hujajua utando unapitisha nini na unazuia nini. Kitabu chenyewe cha biolojia ya mwaka wa kwanza kina kurasa zaidi ya elfu moja. Ndipo watu wanapokimbilia madesa. Desa linatoka stationery, limefupishwa na mtu wa mwaka juzi, ambaye naye alifupisha la mwenzake. Nimeona desa ambalo mchoro wa kloroplasti umetolewa fotokopi juu ya fotokopi mpaka limebaki doa jeusi lenye mishale, na watu walikuwa wanalikariri doa hilo hivyo hivyo.

Mtihani nao una tabia tofauti. Maswali mengi tuliyozoea sekondari yalitaka utaje, ufafanue, uchore. La chuo mara nyingi linaanza pale ulipomaliza kutaja. Unaambiwa seli imewekewa sumu inayozuia hatua fulani: kitu gani kitarundikana, kipi kitakosekana, na kwa nini? Aliyemeza orodha ya hatua zote kumi za glikolisisi, yaani kuvunjwa kwa glukosi, anaziandika zote kumi, ukurasa unajaa, na swali linabaki halijajibiwa.

Hosteli ya Mabibo nilikaa chumba kimoja na binti aliyesomea Elimu. Jioni moja alikuwa anaandaa wasilisho la saikolojia, akanisomea utafiti wa Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, uliochapishwa mwaka 2006. Walichukua wanafunzi wakawapa kifungu cha kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kukisoma. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja tu cha kukisoma, kisha likajaribu mara tatu kuandika kila linachokumbuka bila kukitazama. Dakika tano baadaye, waliosoma vipindi vyote vinne ndio waliokumbuka zaidi. Wiki moja baadaye meza ilikuwa imepinduka: waliokuwa wakijitahini walikumbuka kama asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40.

Mimi zile dakika tano ndizo zilizonikaa kichwani. Kwa sababu ndivyo mtu anavyojipima: anafunga desa saa sita usiku, anajisikiliza, anaona kila kitu kipo, analala kwa amani. Kipo kweli, kwa dakika tano. UE, mtihani wa mwisho wa muhula, iko wiki tatu mbele. Na zile kalamu za rangi za kupitishia juu ya mistari, ambazo darasani kwetu kila mtu alikuwa na seti, sijaona kazi yake zaidi ya kuufanya ukurasa uwe na sura ya bendera.

Kwangu jambo hilo halikuwa geni sana. Kwenye stashahada walitufundisha darubini kwa kutuwekea slaidi zisizo na jina. Unapewa dakika moja, unaandika umeona nini, unasogea kwa inayofuata. Hakuna aliyekuuliza umesoma mara ngapi. Nilichofanya chuoni ni kuuhamishia mtindo huo kwenye nadharia, na chombo chake ni karatasi tupu.

Chukua upumuaji wa seli, yaani seli inavyovuna nishati kutoka kwenye chakula, mada inayoongoza kwa kuchukiwa. Nasoma sehemu moja, si sura nzima. Nafunga kitabu. Nachukua karatasi (zile zilizochapwa upande mmoja zinatosha kabisa), nachora seli, na ndani yake mitokondria moja kubwa yenye utando wa nje na wa ndani. Kisha naisafirisha glukosi. Ina kaboni sita. Inavunjwa nje ya mitokondria, kwenye saitoplazimu, zinapatikana piruveti mbili zenye kaboni tatu kila moja, na faida halisi ni ATP mbili (ATP ndiyo molekuli inayobeba nishati ya kutumiwa na seli). Piruveti inaingia mitokondria, inapoteza kaboni moja ambayo inatoka kama kaboni dioksaidi. Kinachobaki kinaingia mzunguko wa Krebs, na kaboni zake nazo hatimaye hutoka hivyo hivyo. Elektroni zilizovunwa njiani zinabebwa na NADH na FADH2 hadi utando wa ndani. Pale zinapokezanwa protini kwa protini, na nguvu inayopatikana inasukuma protoni upande wa pili wa utando. Protoni zikirudi kupitia kimeng'enya kinachounda ATP, ATP nyingi inaundwa. Mwisho wa mnyororo oksijeni inazipokea elektroni na kuwa maji.

Ninapokwama naacha nafasi, naweka alama ya kuuliza, nasonga mbele. Kitabu kinabaki kimefungwa mpaka nimalize. Nikishamaliza ndipo nafungua na kusahihisha kwa wino mwekundu. Kile chekundu ndicho kitakachosomwa kesho. Kilichobaki nakijua, sikipotezei muda. Keshokutwa karatasi nyingine tupu, mada ile ile, na nyekundu huwa imepungua. Naiacha wiki, narudi tena. Inauma, sitawadanganya. Mara ya kwanza karatasi hubaki nyeupe sehemu kubwa, kisha hujaa nyekundu, na mtu hutamani kurudi kwenye desa lake ambako kila kitu kinaonekana kufahamika.

Juu ya kila mchoro nilikuwa najiuliza mambo manne. Inatokea wapi? Kinaingia nini? Kinatoka nini? Na hatua hii ikizuiwa, nini kinafuata? Matatu ya kwanza yanajibika kwa kukariri. La nne halikubali.

Hapo ndipo mihogo inapoingia. Mimi ni mtu wa Mara, ugali wa muhogo nimelelewa nao. Mihogo michungu ina kemikali ambayo muhogo ukisagwa au kutafunwa hutoa sayanaidi, ambayo ni sumu. Sayanaidi hukikamata kimeng'enya cha mwisho kwenye ule mnyororo, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Rudi sasa kwenye karatasi yako ufuate kwa kidole. Elektroni za mwisho hazina pa kwenda, kwa hiyo za nyuma yake nazo zinasimama. NADH inarundikana kwa kuwa hakuna wa kuipokea mzigo. NAD+, yaani NADH iliyokwisha kushusha mzigo wake, inakosekana, basi mzunguko wa Krebs nao unakwama. Protoni hazisukumwi, ATP inaporomoka. Oksijeni ipo tele kwenye damu na seli haiwezi kuitumia. Ukiweza kuieleza njia hiyo kutoka mwisho kurudi mwanzo, hakuna swali la upumuaji wa seli litakalokutisha, hata likija na sumu ambayo hujawahi kuisikia.

Na ndipo unapowaelewa bibi zetu wanaoloweka, wanaochachusha, wanaoanika juani. Yote hayo ni kuipa sayanaidi nafasi ya kutoka kabla unga haujafika sufuriani. Konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu, ulielezwa na daktari huko Kongo mwaka 1938, na katika miaka ya 1980 ukawapata watu wilayani Tarime, si mbali na kwetu. Unawapata wanaokula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vya kutosha, huku chakula chao kikiwa na protini kidogo. Mwili huhitaji salfa inayotoka kwenye protini ili kuipunguza makali sayanaidi. Niliposoma hilo, mada ya asidi amino (vipande vinavyounda protini) zenye salfa, ambayo ukumbini ilipita kwa nusu slaidi, ikaganda kichwani bila kuikariri.

Kuna jambo dogo la hesabu ya ATP niliseme hapa kwa sababu linaleta ugomvi kila mwaka. Glukosi moja inatoa ATP ngapi? Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38. Vipya vinasema kama 30 hadi 32. Vijana wawili darasani kwetu nusura washikane mashati, kila mmoja na kitabu chake. Tazama mwaka wa kitabu. Zamani ilihesabiwa ATP 3 kwa kila NADH na 2 kwa kila FADH2. Vipimo vya baadaye vimeshusha hadi takriban 2.5 na 1.5, maana protoni nyingine hutumika kusafirisha vitu kuvuka utando, na hesabu haitoki namba kamili. Kwa hiyo ukipitia karatasi za mitihani ya nyuma ukakuta 38, usidhani aliyesahihisha alikuwa mjinga. Kwenye UE andika hesabu yako imetoka wapi.

Mgawanyiko wa seli niliufanya kwa uzi. Nilinunua uzi wa kufumia rangi mbili, nikakata vipande virefu na vifupi, vyekundu vya mama na vya bluu vya baba, nikavifunga pini katikati pale nakala mbili zinaposhikana. Juu ya kitanda nikawa naipeleka seli yenye kromosomu nne kwenye mitosisi, mgawanyiko wa seli za kawaida, kisha kwenye meiosisi, ule wa kutengeneza mbegu na mayai. Mwenzangu wa Elimu alidhani nimeanza kushona. Kosa linalowamaliza watu kwenye mada hii si majina ya hatua, ni kuhesabu. Seli ya binadamu ina kromosomu 46. DNA ikishajinakili, kromosomu bado ni 46 ila kromatidi, yaani zile nakala zilizoshikana, zimekuwa 92. Baada ya meiosisi ya kwanza kila seli ina kromosomu 23, na kila moja bado ina kromatidi mbili. Ukiwa na uzi mkononi unaona kwamba mara ya kwanza kinachoachana ni jozi za mama na baba, na mara ya pili ndipo nakala zinapoachana. Ukiisoma tu kwa macho, unaielewa leo na kesho imegeuka.

Praktiko. Hapa nilikuwa nyumbani, na hapa niliona alama zikitupwa bure.

Wanafunzi wengi huingia maabara hawajafungua mwongozo. Nusu saa ya kwanza inaisha wakiulizana "tunafanya nini leo?" Usiku uliotangulia soma ukurasa ule, ujue unatafuta nini na kwa rangi gani. Darubini anza na lenzi ndogo siku zote. Ukianza na x40 utazunguka kama mtu anayetafuta nyumba Manzese kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Ukuzaji ni lenzi ya jicho mara lenzi ya chini: x10 kwa x40 ni mara 400, na usipouandika chini ya mchoro unapoteza alama ambayo haikuhitaji akili yoyote.

Siku ya ngozi ya kitunguu, kijana aliyekuwa pembeni yangu alikuwa amechora duara safi kabisa lenye ukingo mnene mweusi.

"Dada, hii seli yangu mbona haina kiini?"

"Mdogo wangu, hilo ni povu."

Povu la hewa likiingia chini ya kifuniko huwa na duara kamili na mpaka mweusi mzito, na linavutia jicho kuliko seli yenyewe. Seli za kitunguu zimepangana mstatili kwa mstatili, na ukiweka tone la iodini viini vinajitokeza. Alifuta akachora upya. Lakini mchoro wa pili ulitoka kitabuni, niliuona: ulikuwa na mitokondria zenye mikunjo ya ndani, kitu ambacho kwa darubini ile ya mwanga hakuna awezaye kukiona. Msahihishaji anajua darubini zake zinaonyesha nini. Chora ulichokiona, kwa penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiotetemeka, bila kutia kivuli; mistari ya majina ipige kwa rula na isipishane. Majaribio na praktiko kwetu vilibeba alama 40, UE ikabeba 60. Mtu mwenye 30 mkononi kabla ya UE halali kama mwenye 14.

Sasa nifike kwenye kile ambacho naona kilinisaidia kuliko vyote, na ambacho sikukikuta kwa mwanafunzi mwingine yeyote. Nilichagua ugonjwa mmoja nikatembea nao muhula mzima. Nilichagua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa sababu hospitalini niliupima: tone la damu, tone la sodiamu metabaisalfaiti, kifuniko, unasubiri. Kemikali ile inainyang'anya damu oksijeni, na kama mtu ana hemoglobini ya selimundu, chembe nyekundu zinaanza kujikunja mbele ya macho yako hadi ziwe na sura ya mundu. Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi bila kujua sababu yake ndani kabisa.

Ilipokuja mada ya DNA, nikauliza: kwenye selimundu kimebadilika nini? Herufi moja. GAG imekuwa GTG. Mada ya protini: kwa herufi hiyo, asidi amino ya sita kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini inakuwa valini badala ya asidi glutamiki. Glutamiki ina chaji na haigombani na maji. Valini hukwepa maji. Hemoglobini ikiachia oksijeni, valini ile hutafuta pa kujificha kwenye hemoglobini ya jirani, zinashikana, zinajipanga nyuzi ndefu, na nyuzi ndizo zinazoikunja chembe. Hapo nikaelewa kwa nini maabara tulikuwa tunatoa oksijeni kwanza. Mada ya umbo na kazi ya seli: chembe iliyokunjwa haipiti vizuri kwenye mishipa midogo, ndiyo maumivu yale.

Mada ya urithi. Wazazi wawili, kila mmoja ana jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida. Uwezekano wa mtoto kuupata ugonjwa ni robo. Hospitalini nimewasikia wazazi wakijifariji kwamba wa kwanza ameshaubeba, basi watatu wanaofuata watasalimika. Haipo hivyo, kila mimba inaanza hesabu upya, ni robo tena. Swali hilo hilo lilikuja kwenye jaribio, limevikwa nguo nyingine, na darasa kubwa likajibu kama wale wazazi.

Halafu mageuzi, mada ambayo watu huisoma kwa mifano ya ndege wa visiwa vya mbali. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, aliona kwamba jeni ya selimundu ni nyingi pwani na kuzunguka Ziwa Victoria, ila nyanda za juu ni chache. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni inayoua ikirithiwa mara mbili haijafutika kwenye sehemu zenye mbu wengi. Kwa hiyo ule ugonjwa mmoja ukanipitisha kwenye DNA, protini, seli, urithi, vimelea na mageuzi, na nikiulizwa lolote kati ya hayo nilikuwa na mahali pa kuanzia. Wengine wanaweza kuchukua mhindi, au kuku, au ukungu wa mkate. Shamba la baba yako lina biolojia yote ya mwaka wa kwanza ukiamua kulihoji.

Diskasheni nina maoni makali kidogo. Kundi la watu kumi na mbili chini ya mwembe ni baraza, mnaishia kwenye Simba na Yanga na bumu, ile hela ya mkopo, limechelewa. Sisi tulikuwa wanne. Kila mtu alikuja na karatasi yake tupu aliyokwisha ijaza na kuisahihisha, na anayefundisha siku hiyo alipangwa kwa kura palepale, ili asiwepo wa kujiandaa peke yake. Tulieleza kwa Kiswahili, maana ndipo mtu anaposhindwa kujificha. Kwa Kiingereza unaweza kutema sentensi nzima ya kitabu bila kujua umesema nini, kwa Kiswahili wenzako wanakukata, "hebu ngoja, kwa nini?" Kisha kila mmoja aliandika jibu kwa Kiingereza kama la mtihani, maana UE haitasahihishwa kwa maelezo mazuri ya mwembeni. Hatua zote mbili zinahitajika. Nimewaona walioishia ya kwanza. Walijua kila kitu na kalamu ikawagomea.

"Dada, osmosisi nimeielewa, ila siwezi kuieleza," aliniambia mmoja wao, binti wa Tanga.

"Basi bado. Niambie kwa nini kachumbari inajaa maji ukishaitia chumvi."

Alikaa kimya, akaanza na chumvi, akafika kwenye utando, akarudi kwenye maji. Alipomaliza alikuwa ameieleza.

Majina na istilahi, ambazo zipo mamia, niliziweka kwenye kadi nilizokata kutoka manila: swali mbele, jibu nyuma. Niliyoipata iliahirishwa siku kadhaa, niliyoikosa ilirudi kesho yake. Vijana walitumia programu ya Anki kwenye simu, ambayo kwa simu za Android ni ya bure na haili bando ukishapakua kadi zako. Ni nzuri kwa foleni ya daladala. Ila utengeneze kadi mwenyewe. Kuchukua za mtu ni desa lile lile lililohamia kwenye simu.

Kuhusu wahadhiri: wana saa za kuonana na wanafunzi, zimebandikwa mlangoni, na mara nyingi hakuna mwanafunzi anayegonga. Nenda na karatasi yako yenye wino mwekundu, uonyeshe hasa pale unapokwamia. Ukienda kusema "sijaelewa mada ya jenetikia" atakurudisha kwenye kitabu, na ana haki.

Usingizi nao ni sehemu ya kusoma. Ubongo huimarisha kumbukumbu za mchana ukiwa umelala, kwa hiyo anayekesha anaikata kazi katikati. Nililala saa nne usiku, nikaamka saa kumi na moja, nikajaza karatasi moja kabla ya foleni ya maji. Walionicheka mwanzo wa muhula waliniona asubuhi ya UE nikinywa chai na chapati huku wao wakifunua kurasa kwa kasi ya mtu anayetafuta risiti.

Matokeo yalipotoka, wengine darasani walipata sapu, mtihani wa marudio, na nilipofika mwaka wa pili wale wapya walianza kunifuata. "Dada, tunaomba desa lako la biolojia ya seli." Niliwapa nilichokuwa nacho: kurasa chache za maswali niliyokuwa nikijiuliza, mengi ya lile la nne, ikizuiwa nini kinafuata. Majibu hayakuwemo. Kijana mmoja alirudi jioni hiyo hiyo akidhani nimesahau karatasi za pili. Wengine walirudi baada ya wiki na majibu yao, mengi yamekosewa, na hao nilikaa nao tukachora. Waliokuja kuomba majibu tupu niliwaambia sina, na kweli sikuwa nayo, sikuwahi kuyaandika pamoja mahali popote.